Naomba ushauri: binti yangu amechoka kabla ya likizo ya majira ya baridi

Ndugu wazazi na walimu, naombeni ushauri wenu. Zimebaki wiki mbili shule ifungwe kwa likizo ya majira ya baridi, na binti yangu wa darasa la tatu, ambaye mwezi uliopita alikuwa akinisomea hadithi kila jioni bila kuhimizwa, sasa hufungua daftari, akachonga penseli mpaka ikabaki kipande, kisha akalala juu ya meza. Mwalimu wake anasema darasa zima limechoka, nami naamini, kwani giza huingia kabla hajafika nyumbani. Kamati ya wazazi, kwa nia njema bila shaka, inapendekeza masomo ya ziada ya jioni. Mimi naona dakika 15 za kusoma pamoja zingetosha. Je, nilipinge pendekezo hilo kikaoni, au nizungumze kwanza na mwalimu faraghani?