Grupu la Sendofu

ALHAMISI

Neema: [picha]
Neema: Mbukwenyi familia. Hapa Utende maji yametoka, ile bahari niliyoiona alfajiri saa hizi ni mchanga mtupu na mitumbwi imelala ubavu kama ng'ombe wa mchana. Nimebakiza siku tatu na nimefuta safari zote, nakaa tu

Shangazi Kibaigwa: Mbukwa mwanangu. Umependeza. Picha kapiga nani?

Neema: Shikamoo shangazi. Simu nimeiegemeza kwenye kifuu cha nazi nikaweka taima, imeanguka mara tatu, hiyo ndo ya nne

Shangazi Kibaigwa: Marahaba. Kifuu.

Baraka: 😂😂 kaandika kifuu kaweka na nukta

Mjomba Kongwa: Sisi huku palizi ya karanga migongo haiinuki wengine wanakaa tu. Haya. Hiyo Mafia ndo Zanzibar au?

Neema: Shikamoo anko, hapana, Mafia ni mkoa wa Pwani, iko usawa wa pale Rufiji inapoingilia baharini. Nilipanda treni Dodoma elfu 31 mpaka Dar nikalala kwa Eliza, kesho yake Mbagala Rangi Tatu gari la Nyamisati, pale ndo boti, masaa kama manne kwenye maji mpaka Kilindoni alafu bajaji mpaka huku. Yaani kwenye boti mikoko ilivyoisha nikaona maji pande zote nikasema ee Mungu mimi mtoto wa Nkuhungu nimefuata nini huku

Eliza: Aliondoka kwangu alfajiri na begi moja peke yake, nathibitisha kabla sijaulizwa

Shangazi Kibaigwa: Hakuna aliyekuuliza Eliza.

Baraka: Bibi yuko hapa nimemwonyesha picha anauliza hayo maji yakitoka yanaenda wapi

Neema: Mwambie shikamoo bibi. Mwezi ndo unayavuta, yanatoka yanarudi, mara mbili kila siku, ila kila siku yanachelewa kidogo karibu saa zima kasoro. Keshokutwa mwezi mpevu wenyewe wanaita bamvua, yatatoka mbali zaidi na yakirudi yanarudi mengi

Baraka: Anauliza ni mwezi huuhuu wa huku

Neema: Huohuo bibi

Baraka: Kanyamaza muda. Sasa anasema mbona Hombolo hauvuti, maji ya bwawani yakiondoka mpaka masika

Mjomba Kongwa: Mama kauliza la maana kuliko wote humu

Neema: Bwawa ni dogo bibi, mwezi unavuta vikubwa

IJUMAA

Mama: Mmeamkaje. Veyula imenyesha usiku. Zabibu zilikuwa zimeanza kulainika naogopa zitapasuka.

Neema: Mama nirudi?

Mama: Urudi uje kuzishikilia? Kaa.

Mjomba Kongwa: Neema ile samaki ya stetasi ya Jumanne ni ya kweli au umetoa mtandaoni

Neema: Anko ya kweli kabisaa, anaitwa papa potwe, ndo samaki mkubwa kuliko wote duniani ila hang'ati mtu, anafungua mdomo anachuja vidudu vidogodogo vya kwenye maji basi. Msimu wa kuwaona ni huu wa kaskazi, kuanzia kama Oktoba mpaka Machi wanakuja karibu na Kilindoni. Tumeenda na boti tuko watu sita, wengine wawiliwawili mimi namba yangu peke yangu, nahodha akasimama juu anaangalia maji akasema rukeni, sasa mimi kuogelea ningejifunzia wapi Dodoma, kwenye ndoo? Nimevaa laifu jaketi nimeshika kamba nimefumba macho nikaingia, nilivyofumbua yuko chini yangu anapita, anko, urefu kama haisi, mgongo mzima madoadoa kama kanga wa porini, na hana haraka, anapita tu mkia unakwenda huku unarudi huku. Kumgusa hairuhusiwi na mi nani anigusishe. Nimelia ndani ya miwani

Eliza: 😭😭

Mjomba Kongwa: Kama kanga. Nimeipata.

Baraka: Sasa mbona umefuta zile safari nyingine ulisema utaenda Chole na magofu ya Kua

Neema: Baraka siku nne za kwanza nilikuwa naishi kama niko ofisini wallah nakwambia, naweka alamu saa kumi na moja, leo hiki kesho kile, nina na karatasi natiki. Jumanne nikamuuliza baba mwenye mtumbwi kesho tunaondoka saa ngapi akaniangalia akasema dada saa anajua maji, mimi sijui. Nikaenda kulala. Nimeamka saa nne, sijui mara ya mwisho lini nimelala mpaka saa nne bila malaria. Tangu hapo sijatiki kitu

Mama: Tangu wapi ukaanza wallah

Neema: 😂 siku saba tu mama nimeshakuwa mswahili wa pwani

Neema: Alafu Chole yenyewe inakuja, sina haja ya kuifuata. Jioni jua likizama wale popo wakubwa wa Chole wanavuka bahari kuja huku kutafuta matunda, wanapita juu ya kichwa changu wengi mnoo, bawa moja kama mwavuli uliokatika. Nimekaa kwenye mkeka na chai ya tangawizi nawahesabu nimefika mia nikaacha

Shangazi Kibaigwa: Chai ya vikombe vingapi?

Baraka: SHANGAZI

JUMAMOSI

Neema: [picha]
Neema: Siku ya mwisho. Bamvua ndo hiyo sasa, nimetembea nusu saa kuyafuata maji sijayafikia. Kina mama wako huko katikati na vijiti wanatafuta pweza kwenye mashimo, nimejaribu, nimepata ukucha umevunjika

Shangazi Kibaigwa: Hapo mezani naona madafu mawili.

Neema: Yote yangu

Shangazi Kibaigwa: Na mirija miwili.

Neema: Shangazi dafu moja mrija mmoja ndo inavyokwenda

Mjomba Kongwa: Mwacheni mtoto. Ila kweli mtu anakaaje wiki nzima haongei na mtu

Neema: Naongea mbona. Kila nikienda kula wananiuliza mko wangapi nasema mmoja, wanaangalia nyuma yangu kidogo kama kuna mtu anafunga gari. Siku ya kwanza iliniuma siwadanganyi nililia mlangoni. Siku ya tatu mama mpishi kaacha kuuliza ananiletea tu, samaki wa kupaka na wali wa nazi, anakaa upande wa pili wa meza anachambua mchele wake hatuongei. Akimaliza anaondoka. Sijapata kampani nzuri kama ile mwaka mzima

Eliza: ❤️

Neema: Na nani adimini humu, hili grupu mpaka leo linaitwa Kamati ya Sendofu ya Neema. Kila mtu akiandika neno naona simu inaniletea sendofu. Mwaka umepita jamani

Baraka: Dah. Samahani dada, nilisahau kabisa

Eliza: Badili saa hii

Mjomba Kongwa: Kabla hamjabadili. Mimi nilichanga laki moja humu. Ile hela iliyobaki iliishia wapi maana mweka hazina hajawahi kusoma taarifa

Shangazi Kibaigwa: Mweka hazina ni mimi na daftari ninalo. Muulize mama yake.

Mjomba Kongwa: Dada?

Mama: Waliotaka zao walirudishiwa. Wewe uliandika humuhumu "mwachieni mtoto itamfaa", pandisha juu utaiona. Iliyobaki nimekaa nayo mwaka mzima kwenye kopo sijui niifanyie nini, kununua bati nikaona hapana, kununua mbuzi nikaona hapana. Mwezi uliopita nikampa nikamwambia nenda mahali ambako hakuna anayetujua.

Neema: Mama hukuniambia ni ile

Mama: Ungekataa.

Baraka: 😶

Mjomba Kongwa: Kwa hiyo mimi hapa na mgongo wangu nimemlipia mtu kwenda kuangalia samaki

Neema: Laki moja anko umelipia mpaka mkia

Mjomba Kongwa: Sawa. Nimeshalipa, nataka gawio. Niletee ng'onda ndoo nzima

Eliza: Kwenye treni ile ya kiyoyozi madirisha hayafunguki?? Watakushushia Morogoro wewe na ndoo yako

Neema: Zishanunuliwa, nimefunga na mifuko mitatu na gazeti. Nasali tu. Kesho boti alfajiri inafuata maji, nalala kwa Eliza, Jumatatu niko Dodoma

Eliza: Ndoo italala nje

*Baraka amebadilisha jina la grupu kuwa "Ukoo"*

Mama: Mvua leo haijanyesha. Zimepasuka chache tu, za pembeni.

Shangazi Kibaigwa: Jumatatu nakuja stesheni. Nataka nione anashuka na nani.

Neema: Nashuka na ndoo shangazi

Shangazi Kibaigwa: Na hicho kifuu uje nacho.