Sebule inavuma: REW na UMIK-1, au nilipie Dirac Live?

Sabufa_Sinza: Wakuu, habari za leo. Besi ya sebuleni inavuma mpaka maneno ya waimbaji yanamezwa. Niko njia panda: nichukue maikrofoni ya UMIK-1 nitumie REW (programu ya kupima sauti ya chumba) na Equalizer APO (ya kurekebisha sauti kwenye kompyuta) ambazo ni za bure, au nilipie Dirac Live, inayopima na kurekebisha yenyewe? Kuna mtu anarudi kutoka Dubai Ijumaa, nataka nimuagize.

FundiMawimbi: Chumba kina ukubwa gani? Sofa liko wapi? Muziki unatoka kwenye nini? Bila hayo tunapiga ramli.

Sabufa_Sinza: Samahani mkuu. Mita 3.6 kwa 3.6, vigae chini, sofa limegusa ukuta wa nyuma.

FundiMawimbi: Mraba! Ugonjwa wenyewe huo. Kwa joto la nyuzi 30, sauti inakwenda kama mita 349 kwa sekunde. Gawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba, yaani 7.2, unapata 48 Hz na ushee, yaani mitetemo 48 kwa sekunde: hiyo ndiyo besi inayovuma. Urefu na upana vikilingana, mivumo miwili inaangukia hapohapo, na ukutani ndiko inakozidi. Vuta sofa mbele sentimita 60 kabla ya kununua chochote. Ila usifike katikati, pale 48 Hz inapotea kabisa.

BintiSaundi: Mimi Dirac. Inapima sehemu kadhaa za sofa na inarekebisha hadi muda wa sauti kufika, si kiwango tu. REW ukiikosea unajikoroga.

FundiMawimbi: Dada, kwa besi ya spika mbili REW inatosha. Pima sehemu sita kuzunguka kichwa, chukua wastani, weka masafa 20 hadi 250 Hz, kiwango cha kuongeza weka 0 ili ikate tu. Toa faili la vichujio (mipangilio ya kukata besi iliyozidi), lipakie Equalizer APO.

KakaVolti: Hiyo 0 asiipuuze. Kuna jamaa grafu yake ilikuwa na shimo, yaani sauti iliyopungua, kwenye 109 Hz kwa sababu spika zilikaa sentimita 80 kutoka ukutani; mwangwi wa ukuta unarudi kinyume na kuifuta sauti. Akaongeza desibeli 10. Desibeli 10 ni nguvu mara kumi: palipohitaji wati 15 pakadai 150. Shimo halikuzibika, maana mwangwi nao ulipanda vilevile. Amplifaya ikaanza kukata vilele vya mawimbi, koili ya spika ya kushoto ikaungua, akabadilisha, akaacha mpangilio uleule, ikaungua tena. Dawa ilikuwa kusogeza spika tu.

BintiSaundi: Na ukipima zima pangaboi, kiyoyozi na friji. Maikrofoni ikitazama juu, tumia faili la usahihishaji la nyuzi 90 la namba ya kifaa chako.

MzeeTabata: Vijana mnapoteza hela. Bandika trei za mayai ukutani.

KakaVolti: Mzee wangu shikamoo, lakini wimbi la 48 Hz lina urefu wa mita 7. Trei haliioni.

MzeeTabata: Marahaba. Basi godoro la sufi pembeni.

KakaVolti: Sufi nene kwenye kona angalau itapunguza mwangwi wa sauti nyembamba. 48 Hz itaipita.

FundiMawimbi: Sabufa_Sinza, la chanzo cha muziki hujajibu.

Sabufa_Sinza: King'amuzi kupitia TV, na simu kwa Bluetooth. Kompyuta iko ofisini.

FundiMawimbi: Aaah! Equalizer APO inarekebisha sauti ya kompyuta ya Windows ilimowekwa tu. Unahitaji boksi la kurekebisha sauti, la kukaa kabla ya amplifaya, kama miniDSP 2x4 HD. REW utaitumia siku ya kupima tu.

BintiSaundi: Hata Dirac ya kompyuta ingekwama hapo. Na TV uiweke itoe PCM (sauti isiyobanwa) kwenye waya wa mwanga. Ukiiacha kwenye Dolby, ambayo ni sauti iliyobanwa, boksi litakaa kimya udhani bovu.

Sabufa_Sinza: Kwa hiyo maikrofoni na boksi, vyote viwili? Bajeti haikuwa hiyo.

MzeeTabata: Sofa umeshalivuta?

Sabufa_Sinza: Bado, mlango wa jikoni hautafunguka.

KakaVolti: Dari ni jipsamu? Mengine yanatetemeka, mtu anadhani ni besi.