Filta ya kingo imeniharibia mbuyu wangu, wakuu naombeni msaada

mbuyu_wa_bahi:
Habari zenu wakuu. Mi nachora kwa tableti ndogo, niko hapa Dodoma, natumia programu ya kuchorea ya Krita na mara nyingine GIMP maana ni za bure. Nina picha ya mbuyu barabara ya kwenda Bahi, jua linazama, vumbi jekundu na ng'ombe wawili watatu wanarudi zizini. Rangi nimezipenda ila picha imelala tu, haina nguvu. Jamaa akaniambia pitisha filta ya kutambua kingo (mipaka ya vitu kwenye picha) alafu ilaze juu ya picha, mistari itatokea yenyewe. Dah! GIMP ikanipa picha nyeusi tii yenye mistari inayowaka kama taa za disko, nikageuza rangi ikawa nyeupe, nikailaza juu, sasa gome lote kama limemwagiwa vumbi la mkaa, anga nayo imejaa vidoti. Na kilichoniudhi zaidi ubavu wa kushoto wa shina, pale pale nilipokuwa nautaka mstari, hamna kitu!! Mteja anaitaka A3 ijumaa. Nakosea wapi?

brashi_makulu:
Pole mkuu. Kugeuza rangi hujakosea, ndo inavyotakiwa. Shida ni kwamba filta haijui mbuyu wala ng'ombe, inalinganisha tu pikseli na majirani zake, mwanga ukibadilika ghafla inachora. Gome umepiga brashi ya chembechembe si ndio? Basi kila chembe kwake ni ukingo.

Chukua kopi ya picha nzima, itoe rangi, ipige blari (ukungu) kidogo kwanza, mi kwa A3 huwa naanzia pikseli 3 hivi, ndo upitishe filta. Kwenye GIMP achana na Sobel, ile filta ya kingo ya kawaida, jaribu ile inayotoa tofauti ya blari mbili (Difference of Gaussians), ina namba mbili za ukubwa wa blari, ile kubwa ukiipandisha mistari inanenepa. Kisha vuta levo (vidhibiti vya weusi na weupe) mpaka vijivu vijivu vyote vife, weka leya hiyo ya mistari juu ya picha kwenye maltiplai (Multiply) ili nyeupe ipotee ibaki mistari, opasiti, yaani uzito wa leya, asilimia 20 au 30 inatosha, ukifika 100 umetengeneza katuni. Alafu na hivyo vidoti vya angani, isije ikawa ulifungua JPEG? JPEG inakata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na filta inaviona vizuri kuliko wewe. Tumia faili lako la kazi, na liwe saizi ya mwisho kabisa, A3 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3508 kwa 4961, ukija kukuza baadae mistari inafifia.

mzee_wa_mabango:
Vijana mnapenda njia ya mkato. Nimechora mabango kwa mkono tangu enzi za rangi za kopo, nikwambie kitu kuhusu huo ubavu wa kushoto: shina umeliweka kwenye kivuli cha kahawia, nyuma yake nna hakika kuna kichaka cha kahawia hivyohivyo, sasa filta ione nini? Hata jicho la mteja halitaona. Hapo filta imekusaidia bila kujua, imekuonyesha picha ilipolala. Pausha vumbi nyuma ya shina uone. Na sio kila kitu kizungushiwe mstari, nenda Kolo pale Kondoa kaone michoro ya mwambani, watu warefu wembamba, wekundu tu, hakuna aliyewazungushia wino mweusi na wanaonekana mpaka leo.

mbuyu_wa_bahi:
Mzee shikamoo, umenipiga ila umepatia, kichaka kipo kweli 😅 Nimeweka vumbi la njano nyuma ya shina, ubavu umejitokeza wenyewe. Filta nimefuata ya brashi_makulu, leya nikaipa maski (kifuniko cha kuficha sehemu) nikafuta angani, vilimani na karibu gome lote, mistari imebaki kwenye matawi na pembe za ng'ombe. Ila bado naona kama mikali hivi, na opasiti niko 20.

brashi_makulu:
Sababu ni nyeusi. Jua la jioni halitaki nyeusi, ipake hiyo mistari rangi ya kahawia iliyoiva uone.

mzee_wa_mabango:
Marahaba. Pembe usizifute.

mbuyu_wa_bahi:
Kahawia imekaa!! Kesho napeleka kuprinti, mzee nitakushukuru kwa zabibu, nitazipitia Hombolo.

dada_wa_nzuguni:
Na sisi tunaochora kwa simu je?