Rubani msaidizi asiposikilizwa wakati wa kutua, afanye nini?

Mwanafunzi wa urubani:
Shikamooni wakubwa. Darasani tumejadili ajali ya Mangalore, India, ya tarehe 22 Mei 2010, ambapo Boeing 737 ya Air India Express iliyotoka Dubai ilipitiliza mwisho wa njia ya kurukia, ikatumbukia bondeni, na watu 158 kati ya 166 wakafariki. Rubani msaidizi alisema mara tatu kwamba waghairi kutua na kupaa tena, lakini rubani mkuu akaendelea. Ningekuwa mimi kwenye kiti kile cha kulia, ningefanya nini?

Mkufunzi:
Marahaba. Ndege ile ilikuja juu mno, ikagusa lami baada ya kuacha nyuma takriban mita 1,580 za njia yenye mita 2,450, na rubani mkuu alikuwa amelala kwa muda mrefu wakati wa safari. Mimi hufundisha kwamba ndege isiyotulia kwenye futi 1,000, yaani kasi, mteremko na magurudumu havijakaa sawa, haitui, na yeyote kati yenu akitamka kughairi, anayerusha hutii kwanza na maswali huulizwa angani. Ukitamka mara mbili bila kujibiwa, chukua usukani. Katika simuleta, yaani mashine ya mazoezi inayoiga ndege, mimi huangalia mkono: wengi hulitamka neno vizuri, lakini mkono umelala pajani. Tunarudia mpaka sauti na mkono vitoke pamoja.

Jambo jingine, ukishafungua vigeuza msukumo vya injini, yaani vifaa vinavyoelekeza msukumo mbele ili ndege ipunguze kasi, usijaribu tena kupaa, kama walivyojaribu wao. Kanyaga breki kwa nguvu zako zote.

Rubani wa ndege ndogo:
Naunga mkono, ila lawama isiishie kwa rubani peke yake. Miaka ya nyuma niliitwa ofisini kueleza kwa nini nilighairi kutua na kuchoma mafuta ya ziada, na mwezi mzima baada ya hapo nilijikuta nikilazimisha kutua mahali ambapo nisingepaswa. Kampuni inayomhoji rubani kwa kupaa tena inamfundisha kutopaa.

Siku hizi, kabla ya kuanza kushuka, hupiga hesabu ya umbali wa kusimama nikizingatia maji yaliyo njiani na upepo wa nyuma, kwa kuwa kasi ikizidi kwa asilimia 10 tu, umbali huo huongezeka kwa takriban asilimia 20. Kisha humwonyesha mwenzangu alama moja kando ya njia, tuseme kibao au maungio ya barabara ya pembeni, na kumwambia: "Tukifika pale magurudumu hayajagusa, sema, nami nitapaa."

Mwanafunzi wa urubani:
Ahsanteni sana. Alama hiyo nitaanza kuichagua kesho, kabla hata hatujawasha injini.