Wakufunzi wa mifugo, kwa nini ufundishaji wetu wenyewe hatutaki uchunguzwe?

Wakuu, heshima kwenu. Niko Tanga, nafundisha afya ya mifugo, na usingizi umenikataa. Chuo sikitaji wala mtu simtaji, shida yenyewe haipo kwetu peke yetu.

Wiki iliyopita tulikuwa na siku mbili za kuwasilishiana tafiti. Siku ya kwanza kupe, malisho, chanjo ya ndigana kali, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe. Watu walibishana mpaka chai ikapoa: sampuli ngapi, kundi la kulinganishia liko wapi, umejuaje kama si mvua tu ilizidi mwaka huo? Nilifurahi, maana ndivyo inavyotakiwa. Mada yangu ilihusu jinsi tunavyowafundisha vijana kupima mimba ya ng'ombe kwa mkono, yaani kuingiza mkono njia ya haja kubwa na kuupapasa mfuko wa uzazi. Nikapangiwa mwisho kabisa, siku ya pili saa kumi na moja jioni, watu wameshasaini posho na kuondoka. Walibaki wanne. Mmoja wao, mtu mzima ninayemheshimu sana, akaniambia, "Mwalimu, hii si tafiti. Hayo ya chaki wapelekee watu wa ualimu." Wenzake wakacheka, kikao kikafungwa.

Jamani, mimi jambo hili sikulianza kutafuta cheo. Mwaka jana alinifuata mama mmoja wa Pongwe. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, amempandishia kwa mrija, yaani mbegu za dume bila dume, mara tatu, hela inakwenda tu. Kijana wetu aliyekuwa fildi akampima, akamwambia hana kitu. Mama akakata tamaa, akamuuza kwa mtu wa bucha. Machinjioni wakakuta ndama tumboni, ukubwa wa paka mdogo, yaani mimba ya miezi minne hivi. Mama alinionyesha picha kwenye simu. Hakusema neno, alinishikia tu simu mbele ya macho.

Kijana yule kwenye mtihani wa nadharia alipata A. Nilimpa mimi mwenyewe. Alinichorea mfuko wa uzazi vizuri kabisa, shingo ya kizazi, pembe zote mbili, ovari. Lakini kwa mwaka mzima mkono wake ulikuwa umeingia ndani ya ng'ombe mara mbili tu. Ng'ombe mmoja, foleni ya wanafunzi kumi, mnyama ameshachoka anasukuma, mkono wa kijana unakufa ganzi, na mimi nimesimama nje namuuliza, "Umeushika?" Ananijibu, "Ndiyo mwalimu." Ningejuaje? Mle ndani mwalimu haoni kitu, na mwanafunzi anaona aibu kusema hajashika.

Shida hiyohiyo wenzetu wameichunguza kama ugonjwa. Uingereza, daktari wa mifugo anayeitwa Sarah Baillie, akiwa Chuo Kikuu cha Glasgow, alitengeneza ng'ombe wa kompyuta. Mwanafunzi anaingiza mkono kwenye umbo la nyuma ya ng'ombe, kidole chake kiko kwenye kifaa kinachomfanya ahisi laini na gumu, na mwalimu anaona kwenye skrini kidole kinagusa nini. Halafu hawakuishia kusifia mashine. Waliwapeleka wanafunzi kwa ng'ombe hai, waliofanyia mazoezi kwenye mashine na wale waliofundishwa kwa kawaida, wakahesabu nani anaupata mfuko wa uzazi. Wa mashine waliwaacha wenzao mbali. Hayo yalichapishwa mwaka 2005. Na anayesema si tafiti ajue kwamba lipo jarida la kimataifa la ufundishaji wa udaktari wa mifugo, linatoka tangu miaka ya 1970.

Mashine hiyo hatuna hela ya kuinunua, najua. Mimi nilichukua sanduku la mbao, nikaomba mifuko ya uzazi machinjioni, nikafunika na gunia. Kwenye mifuko mingine nikatia puto la maji kuwa mimba. Mwanafunzi anapapasa asichokiona, anataja anachoshika, kisha tunafunua gunia na wote tunaangalia. Je, inasaidia? Hilo ndilo nililolipeleka pale! Nigawe makundi vipi, nipime nini, nani asimamie mtihani bila kujua nani alitumia sanduku? Maswali yaleyale aliyoulizwa mtu wa kupe. Mimi sikuulizwa hata moja.

Na hii ni Tanga, wakuu. Mbung'o, wale nzi wanaoeneza nagana kwa ng'ombe, waliotumika kumaliza mbung'o wa Unguja walilelewa hapahapa kwetu. Madume wakafanywa tasa kwa mionzi, wakamwagwa kwa ndege wiki baada ya wiki ili majike wa kisiwani wasizae, na watu wakawa wanakagua mitego na kuhesabu mpaka mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o tena. Mji wenye historia hiyo, leo mkufunzi anasimama ananiambia, "Sisi tulifundishwa hivihivi na tukaelewa." Mfugaji akikuambia babu yake alitibu ndigana kwa majivu na ng'ombe akapona, unamkubalia? Unamuuliza wangapi walikufa. Basi na mimi nauliza, wanafunzi wangapi walitoka vyuoni kwetu hawajui kupima mimba, na nani aliwahi kuwahesabu?

Ninachodai ni hiki. Kikao kijacho mada za ufundishaji ziwekwe asubuhi ya siku ya kwanza, zichambuliwe kwa ukali uleule wa mada za kupe. Mkufunzi anayepima namna wanafunzi wake wanavyojifunza, kazi yake ihesabiwe anapoombewa daraja. Na walio Morogoro, Mpwapwa, Tengeru au popote wenye matokeo yao, hata madogo, hata yaliyokataa, wayaweke hapa tuyasome.

Jumatatu naanza na darasa jipya. Sanduku lipo, glovu ndefu nimenunua kwa hela yangu, na mlango nauacha wazi. Yule aliyesema hii si tafiti aje asimame pembeni ya gunia, amuulize mwanafunzi mwenyewe ameshika nini.