Ushauri: kisu cha buchani kimevunjika ncha, ninataka kukigeuza kiwe cha kuchunia bila kutumia mashine

Mwenye Bucha (mwanzisha uzi)

Salamu kwenu nyote. Ninaendesha bucha dogo la nyama ya mbuzi mjini Iringa, na nina kisu cha kiwandani, kisichokunjwa, ambacho bapa lake lilikuwa na urefu wa sentimita 20 kabla kijana wangu wa kazi hajakitumia kubandua vipande vya nyama vilivyogandiana kwenye friza na kukivunja ncha. Zimebaki kama sentimita 17. Kimevunjika mshazari, upande wa mgongo ukiwa mrefu kidogo kuliko upande wa makali, na pale kilipovunjikia bapa lina upana wa takriban milimita 20. Mgongo una unene wa milimita 2.5 karibu na mpini, kisha unapungua kadiri unavyokwenda mbele.

Sitaki kukitupa, kwa sababu kimekuwa kikishika makali kuliko visu vipya ninavyouziwa sokoni. Ninachotaka ni kukitengeneza upya kiwe kisu cha kuchunia ngozi, chenye ncha iliyoshuka kutoka mgongoni, na pia nipunguze mpini wake wa plastiki ambao ni mnene mno kwa mkono wangu. Nina jiriwa ndogo, tupa bapa mbili, msumeno wa chuma, msasa wa namba mbalimbali na kinoo cha pande mbili. Grinda sina, na nimeambiwa kwamba moto wake huharibu chuma. Je, kazi hii inawezekana kwa mkono? Nianzie upande gani, na nitajuaje kwamba sijakiharibu?

Kijana wa Jua Kali

Dada, inawezekana kwa mkono, lakini utachoka bure. Mpelekee fundi yeyote mwenye grinda, atakukatia ncha hiyo kwa dakika chache, nawe ubaki na kazi ya kunoa tu.

Mhunzi Mstaafu

Dada Mwenye Bucha, ninaomba usikimbilie ushauri huo uliotangulia, ingawa ndugu yetu ameutoa kwa nia njema. Kisu cha kiwandani kimepashwa moto hadi kikawa chekundu, kikapozwa ghafla ili kiwe kigumu, kisha kikapashwa tena kwa moto mdogo, mara nyingi karibu na nyuzi joto 200, ili kisivunjike kama kioo. Joto lolote litakalozidi lile la mwisho linapunguza ugumu, na kwenye ncha, ambako chuma ni chembamba na hakina pa kupeleka moto, diski ya grinda hufikisha joto hilo kabla hujahesabu hadi tano. Watu hupenda kusema, "Nitaangalia rangi." Kwa chuma cha kaboni, manjano hafifu hutokea karibu na nyuzi 220 na bluu karibu na nyuzi 300, na ukiona bluu umeshachelewa. Chuma kisichoshika kutu huchelewa zaidi kubadilika rangi, kwa hiyo kinaweza kuwa kimeshalainika huku kikiwa bado kinang'aa vizuri machoni pako.

Kabla ya lolote, jua unashughulika na chuma gani. Usitumie sumaku kama kipimo, maana visu vingi visivyoshika kutu navyo huvutwa na sumaku. Kamulia ndimu kidogo sehemu safi ya bapa, uache kwa dakika 10: chuma cha kaboni kitaacha doa jeusi au la kijivu, kisichoshika kutu hakitabadilika. Kisha weka tupa juu ya mgongo na uisukume mara moja kwa nguvu ya kawaida. Ikiteleza kwa mlio mkali bila kuacha alama, kisu ni kigumu kukaribia tupa yenyewe na utalazimika kutumia jiwe. Ikishika na kutoa unga, hata kidogo, tupa itafanya kazi. Visu vya buchani kwa kawaida havifanywi vigumu mno, kwa kuwa vinagongana na mifupa kila siku, hivyo ninatarajia tupa yako itashika kwa kulalamika.

Sasa, upande wa kuanzia, na hapa ndipo wengi hukosea. Punguza mgongo, usiguse makali. Bapa limetengenezwa likiwa jembamba chini na nene juu. Ukipandisha makali kuufuata mgongo uliovunjika, utajikuta unanoa mahali penye unene ambao haukukusudiwa kukata, na ncha yako itakuwa na makali ya shoka. Ukishusha mgongo hadi ukutane na makali pale yanapoishia sasa, makali ya zamani yanabaki yalivyo, na unene wake ni ule ule uliouzoea.

Chora umbo unalolitaka kwenye kadibodi, ulikate, ulilaze juu ya bapa na kulizungushia mstari kwa kalamu ya wino usiofutika. Anza mteremko sentimita 5 au 6 nyuma ya mahali palipovunjika, la sivyo utapata ncha iliyokatwa ghafla kama pua ya nguruwe. Baada ya hapo, bana bapa kwenye jiriwa katikati ya vipande viwili vya mbao laini, makali yakiwa chini ndani ya mbao na mgongo ukitazama juu. Mkao huo unakusaidia mara mbili: makali yamefichwa, na mkono ukiteleza unateleza juu ya mgongo. Sukuma tupa kwenda mbele tu, inyanyue unaporudi, ipake chaki ili unga wa chuma usigande kwenye meno, na uisafishe mara kwa mara kwa brashi ya waya. Msumeno wako uweke kando, kwa maana meno yake yataisha kabla ya kisu kukatika.

Jambo la mwisho kwa leo: usiache kona kali ya ndani popote kwenye umbo jipya. Kona ya namna hiyo ndipo ufa unapoanzia. Kila badiliko la mstari liwe la mviringo, na ukimaliza tupa, piga msasa wa namba 120, kisha 240, kisha 400, ukifuata urefu wa mgongo, ili mikwaruzo ya tupa inayokatiza mgongo iondoke yote.

Kijana wa Jua Kali

Shikamoo mzee. Nimekuelewa kuhusu moto. Lakini kuondoa pembetatu yenye kimo cha milimita 20 kwa tupa, kwenye chuma kilichokwisha kufanywa kigumu, si mchezo. Je, hawezi kukilainisha kwenye mkaa kwanza, akipige tupa kwa raha, halafu akirudishie ugumu kwa kukitumbukiza kwenye mafuta?

Mhunzi Mstaafu

Marahaba. Njia hiyo ninaiheshimu, kwa kuwa nimeitumia maisha yangu yote kwenye chuma cha springi za magari. Chuma cha aina hiyo ukikipasha hadi sumaku isikivute tena, karibu na nyuzi joto 770, ukaongeza kidogo, ukakizamisha kwenye mafuta ya kula yenye uvuguvugu, kisha ukakioka kwenye nyuzi 200 kwa saa mbili, kinarudi vizuri. Ila kisu cha dada, ikiwa ndimu itaonyesha kwamba hakishiki kutu, kinahitaji joto linalozidi nyuzi 1,000, lililopimwa na kushikiliwa kwa dakika kadhaa, na jiko la mkaa la nyumbani halikupi udhibiti huo. Atakilainisha na hataweza kukirudisha. Zaidi ya hayo, kina mpini wa plastiki.

Akitaka kupunguza uchovu, amtafute mnoa visu anayetembeza jiwe lake juu ya baiskeli. Jiwe lile huzungushwa kwa miguu, mwendo wake ni wa polepole kuliko wa mashine, na akikubali kuchovya bapa kwenye ndoo ya maji kila baada ya mguso mfupi, anaweza kuondoa sehemu kubwa bila madhara. Kipimo ni vidole: bapa lishikwe bila glavu karibu na linaposagwa, na likianza kuchoma vidole liende majini. Abakize milimita 2 nje ya mstari, hizo azimalizie dada mwenyewe kwa tupa au kwa upande wa kinoo wenye chembe kubwa.

Mchuna Ngozi

Mimi nimechuna mbuzi na ng'ombe kwa miaka mingi, Dodoma, nami sikubaliani na mzee kwa sehemu moja. Kisu cha kuchunia si ncha, ni tumbo. Unachuna kwa ule upinde wa mbele, ukiusukuma katikati ya ngozi na utando, na ncha yenyewe unaihitaji pale mwanzo tu unapopasua mstari wa tumbo na wa miguu. Ukishusha mgongo wote hadi kwenye makali yalivyo, na ikiwa upinde wa asili wa kisu hicho ulikuwa karibu kabisa na ncha iliyovunjika, utabaki na kisu kilichonyooka, kizuri kwa kukata mnofu lakini kibaya kwa kuchunia. Lazima makali nayo yapandishwe kidogo.

Nyongeza nyingine ambayo haijatajwa: ncha isiwe kali. Iache iwe ya mviringo. Ngozi yenye matobo na michanjo ya kisu hushushwa daraja na mnunuzi, na matobo mengi hutokana na ncha kali inayochoma mahali ambapo mchunaji alidhani anasukuma tu. Kwa maana hiyo, kuvunjika kwa ncha hiyo si hasara kubwa kama unavyodhani.

Mhunzi Mstaafu

Hoja ya ndugu yangu ninaikubali, na ninamshukuru kwa sababu mimi hutengeneza visu zaidi kuliko ninavyovitumia. Basi tukubaliane hivi. Kati ya zile milimita 20, kumi na tano zitoke mgongoni na zisizozidi tano zitoke kwenye makali, kwa upinde mrefu wa kama sentimita 4. Pale makali yatakapopanda, dada atatakiwa kupunguza unene wa bapa pande zote mbili kabla ya kunoa. Kazi hiyo afanye kwa msasa wa maji uliotandazwa juu ya kipande cha kioo, bapa likiwa limelala karibu kabisa, kuanzia namba 120. Punje za msasa huo ni ngumu kuliko chuma chochote cha kisu, kwa hiyo hapa hakuna suala la kuteleza kama tupa. Kinachohitajika ni maji na subira. Kabla ya kulaza bapa, makali yote yasiyoguswa ayafunike kwa utepe mnene.

Seremala wa Mtaa

Kuhusu mpini, dada, usiubadilishe kuwa wa mti ingawa mimi ndiye muuza miti. Mninga au mpingo ungependeza, lakini kazi ya bucha ni ya damu, mafuta na maji ya moto kutwa nzima, na mti usipozibwa vizuri hunyonya vyote hivyo. Plastiki ukiiosha inatakata. Ipunguze tu.

Chukua tupa ya mbao yenye meno makubwa, ondoa ubavuni kwanza na si mgongoni, kwa kuwa mkono mdogo husumbuliwa zaidi na unene wa ubavuni. Ondoa kiasi kilekile kila upande, kisha simama, shika kisu kwa mkono uliolowa na uvae ile glavu unayofanyia kazi, halafu uamue kama uendelee. Kile kivimbe cha mbele, panapokutana mpini na bapa, usikiguse kabisa. Ndicho kinachozuia vidole kuteleza hadi kwenye makali mkono ukiwa na mafuta. Ukianza kuona chuma cha ndani, umezidisha. Malizia kwa msasa wa namba 120 na uishie hapo, maana plastiki iliyolainishwa sana huteleza, na mifereji ya kuchonga hukusanya mafuta yasiyotoka kwa brashi.

Mwenye Bucha

Ninawashukuru sana. Ndimu haikuacha doa lolote, kwa hiyo ni kisichoshika kutu, na tupa inashika, ingawa kwa kulalamika kama mzee alivyosema. Mnoa visu wa baiskeli aliondoa sehemu kubwa ya mgongo kwa maji, nami nimemalizia kwenye jiriwa. Umbo limetoka vizuri na mpini sasa unaenea mkononi. Tatizo lililobaki ni kwamba sehemu ya zamani ya makali inakata, lakini upinde mpya wa mbele unasukuma ngozi bila kuingia, ingawa nimeunoa kwa kinoo kwa muda mrefu.

Mhunzi Mstaafu

Upinde huo bado ni mnene nyuma ya makali, rudi kwenye kioo na msasa. Hakikisha kwa kupaka wino usiofutika kwenye upinde wote, kisha pitisha kisu kwenye kinoo mara moja au mbili. Wino ukitoka juu kwenye bega, yaani pale mteremko wa makali unapoanzia, na kubaki kwenye ukingo wenyewe, jiwe halijafika kwenye makali, na utanoa hadi mwezi ujao bila kupata kitu.

Ukishapunguza unene, chunga pembe. Mahali ambapo bapa lina upana wa milimita 30, mgongo ukiwa umeinuka milimita 10 juu ya jiwe, pembe ni karibu digrii 20, nayo inakutosha. Kwenye upinde wa mbele ambako bapa ni jembamba, mgongo uwe chini kuliko hapo ili pembe ibaki ileile, lakini makali yenyewe yanapinda kwenda juu, ndiyo maana wanaonoa hunyanyua kiwiko taratibu wanapokaribia ncha. Noa upande mmoja hadi kidole kihisi ukingo mwembamba uliojikunjia upande wa pili, kuanzia kisigino, yaani mwisho wa makali karibu na mpini, hadi ncha bila kuruka mahali, ndipo ugeuze. Ukingo huo uondoe kwa mipito myepesi ya kupokezana, halafu upitishe kisu kwenye mkanda wa ngozi kwa kukivuta kinyumenyume.

Mchuna Ngozi

Na usikijaribu kwenye karatasi. Kijaribu kwenye mguu wa mbuzi, pale juu ya goti ambapo ngozi imeshikana na mfupa. Ukiusukuma upinde na utando ukaachia bila wewe kuvuta ngozi kwa nguvu, kazi imekwisha.