MREJESHO: Pembe ya jino la mbele, vipimo viwili havikulingana

Wakuu, asanteni. Swali lilikuwa hili: eksirei ileile ya kichwa ya pembeni, pembe ya jino la mbele la juu dhidi ya mstari wa S–N (kutoka S, katikati ya kishimo cha tezi ya pituitari chini ya ubongo, hadi N, kwenye mzizi wa pua), mara ya kwanza digrii 104, mara ya pili 111; kwa nini?

Mlipatia, kosa lilikuwa kwenye ncha ya mzizi. Alama ya makali iliwekwa kwenye jino moja, ya ncha kwenye jirani yake. Jino likiwa na urefu wa milimita 24 hivi, kukosea ncha kwa milimita 1 tu kunahamisha pembe karibu digrii 2 na nusu.

Dawa: kuongeza kontrasti, kuchagua jino lililotokeza zaidi, kisha kufuata mfereji wa mzizi hadi juu. Kurudia baada ya wiki bila kuchungulia namba za mwanzo kumetoa 105 na 107.

Kupima jino hilohilo dhidi ya mstari wa kaakaa nako kumefichua jambo: digrii 116, wakati kawaida ni karibu 110. S–N ya mgonjwa huyu imeinuka mno upande wa N, ndiyo maana kwa mstari huo jino lilionekana la kawaida.

Meno ya mbele ya chini yamegoma. Ncha zimefunikana, tofauti bado digrii 5, kwa hiyo namba hiyo haijatumika kuamua kama meno yang'olewe.